Chaji ya Kwa Vonza

Tangazo kwa wananchi wote wa Ukambani na majirani zao: siku ya Jumatatu, baada ya chai na kabla ya jua kukolea, Mheshimiwa Mzee Kyule wa Nunguni, karani mstaafu wa chama cha ushirika cha kahawa na mzee wa kanisa asiye na doa, ataanza ziara rasmi ya kuwatembelea ndugu katika kaunti kadhaa, akitumia chombo cha kisasa kisichokunywa petroli, kisichotoa moshi wala kelele. Mnaombwa kusimama kando ya barabara na kupunga mikono.

Hakuna aliyesimama. Kuku alikuwa amelala juu ya kiti cha hicho chombo cha kisasa na amekataa kushuka, na Mheshimiwa mwenyewe alikuwa chumbani akitafuta soksi ya pili.

"Baba Nthenya, vaa hata ya rangi ingine," mkewe Mbinya alimwambia kutoka uani. "Nani atakuinua suruali akuangalie?"

"Kiema ataangalia."

Mbinya hakubishana. Ni kweli, Kiema angeangalia.

Jambo jingine ambalo tangazo halikusema ni kwamba Mheshimiwa hakuwa dereva. Pikipiki ya umeme ilikuwa ya Mbinya, aliyoipata kupitia kikundi cha akina mama, na kila siku ya soko aliibebesha maparachichi mpaka ukaona maparachichi tu yakitembea yenyewe. Kyule hakuwahi kujifunza. Alikaa nyuma, ndani ya suti ya kijivu, begi la sukari na majani ya chai mapajani. Tatizo lake kubwa lilikuwa mikono. Kumshika mkewe kiuno mbele ya soko zima la Nunguni aliona si jambo la mzee wa kanisa, kwa hiyo alishika chuma cha nyuma, na kwenye kila tuta aliruka kama mahindi ya bisi, akishuka na heshima yake yote.

Ziara yenyewe haikuwa ya mzaha. Jumamosi, Mzee Njogu na watu wake wangekuja kutoka Murang'a na mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mbuzi hao ndio humfanya msichana awe ameolewa. Bila wao, hata uwe na cheti na picha za harusi ukutani, wazee watasema binti yenu ametembea tu, atarudi. Binti ni Nthenya, na Chege, mwana wa Njogu, alikuwa amengoja kwa subira ambayo hata mkwe mtarajiwa hapaswi kudaiwa. Lakini katika nyumba ya akina Kyule, kamba ya mbuzi wa kwanza hupokelewa na mkubwa wa nyumba peke yake. Mkubwa ni Kiema, kaka yake Kyule, anayekaa Tulia, ng'ambo ya Kitui mjini.

Na Kiema ana sheria moja tu maishani: habari ya damu haipiti kwenye simu. Ukimpigia atakusikiliza, atakushukuru, atakuombea, na hatakuja. Kwa njia hiyo alikuwa amekosa harusi mbili na msiba mmoja. Alhamisi alfajiri angeondoka kwenda kongamano la kanisa Mwingi, asirudi mpaka Jumapili. Kwa hiyo ilikuwa lazima apatikane kabla ya Alhamisi, uso kwa uso, na mdogo wake, kwa mdomo.

"Mama," Nthenya alikuwa ameuliza kwa simu, "Mzee Njogu anasema hawezi kukodi gari mara mbili. Baba mkubwa asipokuwa hapo, mbuzi wanarudi."

"Hawarudi."

"Na wakirudi?"

"Nimesema hawarudi," Mbinya alijibu, kwa ile sauti ya mtu ambaye hajui.

Njiani kulikuwa na milango mingine ambayo haikufaa kupitwa: kwa Wavinya, dada yake Kyule, huko Tawa, na kwa binamu yao Ndeti, Kwa Vonza. Nyumba zote hizo ziko mbali na lami, na goti la Kyule liliacha kutembea mbali siku aliyostaafu. Ndiyo maana ya pikipiki. Betri yake ikijaa ilitosha kuwatoa kwa ndugu mmoja hadi kwa mwingine, na ikifika hapo inataka kulishwa mchana wote kama ng'ombe wa maziwa.

*

Kwa Wavinya ndipo walipojifunza hesabu ya umeme, na haikuwa ile ya tokeni.

"Hii mashine yenu inakula mpaka saa ngapi?" Wavinya aliuliza, akiangalia waya uliopita dirishani.

"Mpaka jioni, mwaitu," Kyule alisema. Wavinya ni mdogo kwake, lakini alipewa jina la mama yao, na ndiyo maana humwita mwaitu, yaani mama.

"Basi na nyinyi mtakula mpaka jioni."

"Tulikuwa tumekunywa chai njiani."

"Chai si chakula. Mtu anakaa kwangu tangu asubuhi mpaka jioni halafu watu wa hapa waseme alikunywa chai?"

Akatoka. Muda mfupi baadaye wakasikia kuku akikimbizwa nyuma ya choo, kisha kimya ambacho kuku hawezi kukieleza. Mbinya alimfuata Wavinya jikoni akamkuta akinyonyoa manyoya, na kwenye karai, katikati ya matumbo, kulikuwa na mayai yasiyo na maganda, makubwa kwa madogo, yamepangana kama shanga.

"Alikuwa anataga," Mbinya alisema.

"Alikuwa," Wavinya alisema. "Niletee hiyo sufuria."

Chakula kilipoletwa, firigisi iliwekwa kwenye sahani ya Kyule, maana firigisi ni ya mwanaume aliyefanya kazi ya kuja. Mwanaume aliyefanya kazi ya kuja alimwangalia mkewe, ambaye mikono yake ilikuwa bado inatetemeka kwa mitetemo ya barabara. Aliikata vipande viwili, akasukuma kimoja upande wa Mbinya chini ya ugali, Wavinya asione. Wavinya aliona.

"Siku hizi mnakula hivyo Nunguni?"

"Daktari alinikataza firigisi nzima," Kyule alisema. Alikuwa hajawahi kudanganya mezani tangu aokoke, na alikohoa kidogo ili Mungu asisikie vizuri.

Usiku ulipoingia, ndani ya kile kitanda cha wageni kilichotandikwa shuka mpya, Kyule alisema polepole: "Mama Nthenya, umeme ni bei rahisi. Kukaa ndiyo ghali."

"Nimeona."

"Kwa Ndeti tusikae sana."

"Betri ndiyo itaamua, si mimi."

*

Ndeti na mkewe Kasiva walikuwa na nyumba ya matofali isiyopigwa plasta, mtungi mkubwa wa maji ya mvua, na soketi moja iliyokuwa ikifanya kazi, nyuma ya kochi la sebuleni. Zile zingine mbili ziliungua mwaka ambao radi ilipiga, na tangu hapo wamezifunika na kalenda za kanisa. Pikipiki isingeingia sebuleni, kwa hiyo Mbinya alichomoa betri akaibeba ndani. Ni nzito kama mtoto wa darasa la pili. Kasiva hakukubali iwekwe sakafuni.

"Mgeni hawekwi chini," alisema, akaleta stuli, akatandika kitambaa chake cha kufuma chenye maua ya zambarau, na betri ikaketi hapo kama picha ya marehemu.

Kyule alitoa habari yake kwa mpangilio: mbuzi, Jumamosi, Njogu, Chege. Ndeti akaitikia kila neno. Mwisho Kyule akaongeza jambo ambalo pia alikuwa amemwambia Wavinya.

"Na tafadhali, mtu asimpigie Kiema. Asisikie hata kikohozi mpaka nifike mimi."

"Mimi?" Ndeti alisema. "Mimi nampigia Kiema? Huyo hata nikimwambia kwa simu ng'ombe wake ameingia kwa shamba, atasema nije nimwambie vizuri."

Wakacheka. Kisha Ndeti akamchukua Kyule kwenda kuona ndama aliyezaliwa, na Mbinya akaenda jikoni kwa Kasiva kuosha mahindi ya muthokoi. Hakuna aliyebaki na betri.

Sasa, watu wa Kwa Vonza wana moyo. Habari kwamba ndugu wamesafiri kutoka Makueni kwa ajili ya ndoa ya mtoto ilifika kanisani kabla muthokoi haujaiva, na Mchungaji Gedion akaona si vizuri wasafiri walale bila kuombewa. Jioni hiyo ushirika wa nyumbani uliokuwa ufanyike kwingine ukahamishiwa kwa Ndeti. Walikuja na biblia, na watoto, na viti vya plastiki vichwani. Walikuja pia na kinanda na spika ndefu kama mlango.

Kinanda na spika vinahitaji umeme. Soketi ilikuwa moja.

Yule aliyeingiza mkono nyuma ya kochi hakuwa mtu mbaya. Alipapasa, akashika waya, akauchomoa, akachomeka wake, akapiga noti moja kuona kama inalia. Hakujua ule waya wa kwanza ulienda wapi, maana kufika wakati huo kulikuwa na makoti matatu juu ya kitambaa cha zambarau.

Waliimba mpaka mabati yakaitikia. Mbinya naye aliimba, akiwa amebanwa kwenye kona kati ya wamama wawili, na jasho lilimtoka la furaha, maana kwa siku hizo mbili ilikuwa mara ya kwanza mtu kumfanyia jambo lisilohitaji kuku kufa. Kisha Mchungaji Gedion akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha Kyule, na mwingine, baada ya kutafuta kidogo, juu ya koti lililokuwa juu ya betri.

"Bwana, wape nguvu wasafiri hawa. Na hiki chombo chao, Baba, kijaze. Kijaze mpaka kimwagike."

"Ameni," nyumba nzima ikasema, na spika ikasema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa umeme uliokuwa wa betri.

*

Asubuhi Mbinya aliamka kabla ya wengine, akaenda sebuleni kwa miguu mitupu. Kinanda kilikuwa kimeondoka na wenyewe. Kichwa cha waya wa chaja kilikuwa sakafuni, kimelala ubavu. Alibeba betri mpaka kwenye pikipiki, akaiingiza, akawasha. Kwenye kioo, pale ambapo vijiti vya chaji hupanda mpaka juu, kulikuwa na kijiti kimoja na kivuli cha kingine.

Alisimama pale akiwaza. Wakibaki mpaka ijae, jua litakuwa limeinama. Lakini Tulia wangefika. Hilo lilikuwa jambo la busara, na alikuwa amegeuka kwenda kulisema.

Ndipo akamwona Kasiva. Alikuwa amechuchumaa karibu na mtungi wa maji, amemshika jogoo mwekundu kwapani, akimpapasa kifua kama mtu anayepima kama atatosha watu wanne. Jana waliliwa kuku wa kike wawili wa mwisho, mmoja wa chakula cha mchana, mmoja wa ushirika. Uani hapakuwa na kuku mwingine.

"Mmeamkaje, mama?" Kasiva aliuliza. "Betri imeshiba?"

Kama Mbinya angesema haijashiba, ingebidi aseme kwa nini. Kasiva angejua kwamba maombi ya nyumbani mwake ndiyo yaliyomnyima mgeni chaji. Angemwambia Ndeti, Ndeti angemwambia mchungaji, na mchungaji angekuja kuomba msamaha, na mtu akija kuomba msamaha naye anapikiwa.

"Imejaa kabisa," Mbinya alisema. "Mpaka imemwagika."

"Asante Yesu," Kasiva alisema, na mkono wake ukalegea, na jogoo akashuka chini, akatembea kwa hasira kama mtu aliyekosewa jina.

*

Walifika mbali kuliko walivyostahili. Mwinuko wa pili ndio uliowakataa. Pikipiki ilipunguza mwendo, ikapunguza tena, halafu ikasimama bila hata kukohoa. Ya petroli ingalau hulalamika.

"Imekuwa nini?" Kyule aliuliza.

"Imechoka."

"Imechokaje na ilikula usiku mzima?"

"Shuka tusukume, Baba Nthenya."

Alishuka. Alivua koti la suti, akalikunja, akaliweka juu ya begi la sukari. Mbinya akashika usukani, yeye akasukuma nyuma, na goti lake likasikika. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakishuka wakapunguza mwendo ili wasikose.

"Mzee, hiyo umenunua ama unaipeleka shule?"

"Iambieni ipande yenyewe, ina miguu miwili," mwingine akasema.

"Baba, mpige teke ya Kikamba."

Kyule aliwasalimia kwa jina la Bwana, mmoja mmoja, na wakaona aibu kidogo, lakini si sana.

Juu ya mwinuko kulikuwa na maduka manne na kinyozi. Kinyozi alikuwa na umeme. Muziki ulisema hivyo. Jina lake Muli, kijana mwembamba mwenye nywele zilizokatwa kama ngazi.

"Mama, soketi ni ya wateja," Muli alisema, akiangalia betri mikononi mwa Mbinya. "Nikichajia kila mtu, mashine yangu ya kunyoa itanguruma na nini?"

"Sisi ni wateja."

"Nani ananyolewa?"

Wote watatu wakamtazama Kyule. Kyule alikuwa na ndevu nyeupe, fupi, zilizochongwa vizuri. Alizianza siku aliyostaafu. Watu wa Nunguni walikuwa wamezizoea. Hata kwenye vikao vya kanisa alizishika kabla ya kutoa maoni, na watu walinyamaza kusubiri.

"Nywele tu," Kyule alisema.

Nywele zilikuwa chache. Ziliisha kabla kijiti cha pili hakijapanda. Muli akakung'uta shuka, akaangalia waya, akaangalia Mbinya.

"Na ndevu," Kyule alisema.

Mbinya alifungua mdomo, lakini mumewe alikuwa ameshafunga macho. Ndevu zikaanguka. Chini yake kulikuwa na kidevu kidogo, laini, ambacho Mbinya hakuwa amekiona kwa miaka na ambacho kilimfanya atamani kugeuka pembeni. Ndevu nazo zikaisha. Betri bado.

"Kuna skrabu ya uso," Muli alisema, sasa kwa upole. "Inakaa kitambo. Wazee wa mjini wanaipenda."

"Paka," Kyule alisema.

Akapakwa dawa ya kijani kuanzia paji la uso hadi kooni, akaambiwa asisogee mpaka ikauke. Watu wawili waliokuja kununua vocha duka la pili walisimama mlangoni wakaangalia mzee wa kijani aliyevaa tai. Mmoja akasema "shikamoo" kama anajaribu tu.

"Mama Nthenya," Kyule alisema, midomo ikisogea kidogo sana. "Asubuhi ulijua haijajaa."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema tukae. Kasiva alikuwa ameshamshika jogoo."

Muziki ukaendelea.

"Yule mwekundu?"

"Hakuna mwingine."

Ile dawa ilikuwa imeanza kukauka na kupasuka pembeni mwa macho yake, na haikuwezekana kujua uso wa ndani ulikuwa na sura gani.

"Basi ulifanya vizuri," alisema. "Na waya ilitolewa na nani?"

"Sijui. Kinanda."

"Kinanda," Kyule alisema. Kifua chake kikaanza kutikisika. Muli akakimbia na taulo akidhani dawa imemuunguza. Alikuwa anacheka.

*

Walifika Tulia jua likiwa limeanza kupoa, na kijiti kimoja kikiwa kimebaki. Kufika kwenye geti, ucheshi wote wa kwa kinyozi ulikuwa umemwisha Kyule. Alivaa koti. Aliangalia soksi zake. Alipeleka mkono kwenye kidevu kushika ndevu, akakuta hazipo, akauteremsha.

"Akiniuliza kwa nini yeye ni wa tatu kuambiwa?"

"Mwambie barabara ndiyo imekupanga."

"Akikataa?"

Mbinya alifikiria Nthenya, na mbuzi wakipakiwa tena kwenye gari, na Mzee Njogu akishika kofia kwa adabu na kusema vai thina, hakuna shida, maneno ya Kikamba aliyojifunza kwa ajili ya siku nzuri. Aliwasha pikipiki wakaingia.

Kiema alikuwa barazani, mrefu, mkavu, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka kooni. Aliwaangalia kwa muda.

"Huyu mama namjua," alisema. "Huyu mtoto umemtoa wapi?"

"Ni mimi, mukubwa," Kyule alisema.

"Aiya. Ulikuwa na ndevu."

"Nilikuwa nazo."

Mbinya alikuwa anaitafutia pikipiki kivuli ndipo alipouona waya. Ulitoka dirisha la sebule, ukashuka ukutani, ukapita katikati ya ua juu ya udongo uliofagiliwa, ukaishia chini ya mti wa mchungwa, pale ambapo pikipiki ingesimama vizuri. Mwishoni mwake kulikuwa na ekstensheni mpya, bado na karatasi ya dukani, imefunikwa na beseni lililogeuzwa ili kuku wasiichezee. Kutoka jikoni kulikuwa na harufu ya nyama iliyokwisha kuiva. Na ndani, mlango ukiwa wazi, aliona begi la safari la Kiema juu ya kabati, limekunjwa tupu.

Kasiva, Mbinya aliwaza. Alifagia sebule, akaona alama ya waya chini, akaelewa. Alinipigia, na simu yangu ilikuwa imezimwa. Akampigia yule mtu mmoja tuliyekataza apigiwe.

Kasyoki, mke wa Kiema, alitokea mlangoni na kikombe, akamwona Mbinya akitazama beseni. Alitikisa kichwa kidogo sana, upande na upande. Mbinya akachomeka betri yake.

Barazani Kyule alikuwa amekalishwa. Macho ameyaelekeza mbele, hakutazama chini wala kando. Alisafisha koo.

"Mukubwa, nimekuja na habari. Sikuileta kwa simu."

"Sijasikia habari yoyote," Kiema alisema. "Hapa kwangu simu haileti kitu. Sema."

Kyule akasema. Alianza na Nthenya alivyozaliwa, akapitia shule, akamtaja Chege na baba yake na kijiji chao, akafika kwa mbuzi, rangi zao, siku yao. Kiema aliuliza maswali kama mtu asiyejua lolote. Njogu ni nani? Ni watu wa dini gani? Hiyo Jumamosi ni hii inayokuja? Kila jibu alilipokea kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepewa kitu kizito kwa mikono miwili. Ilipofika mahali pa kamba ya mbuzi wa kwanza, mkono wa Kyule ulipanda tena kwenye kidevu.

"Sasa mimi nikasema, bila wewe..."

"Bila mimi nini? Maliza. Nataka kusikia yote."

"Bila wewe hatuna mkono wa kushika."

Kiema aliangalia mlima. Kisha akamwita mkewe.

"Kasyoki, wale wa kongamano uwaambie sina nafasi. Mdogo wangu ameniletea habari kwa mdomo wake, kutoka Nunguni, na amenyolewa kama kondoo kwa sababu yake." Akasimama. "Leta maji watu wanawe. Na hiyo mashine yenu, tutaona kama nyumba hii ina mahali pa kuichomeka."

Mbinya alishika kikombe chake kwa mikono miwili na hakumwambia mumewe alichoona, wala siku hiyo wala siku yoyote baadaye. Mbuzi walikuja Jumamosi, na Kiema akashika kamba. Na Mzee Kyule, mpaka leo, anaamini kwamba alimfikia kaka yake akiwa hajui lolote, na kwamba ni maneno yake peke yake yaliyomwinua kutoka barazani.

*

Hivyo ndivyo nilivyoimaliza hadithi hii nilipoiandika, na nikamsomea Mbinya kwa sauti ya mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Nani alikuambia Baba Nthenya hakuona waya?"

Nikasema hadithi ilikuwa tamu zaidi hivyo.

"Aliuona kabla yangu. Aliuruka, akageuka akanishika mkono nisijikwae, ndiyo akaenda kukaa na kuanza kusema habari."

Basi, nakiri. Nilidanganya, hakutazama tu mbele, na mtu mwenyewe wa kunishtaki amekaa hapa na maharagwe. Lakini nilitaka kujua jambo moja, nikauliza kama Kiema alijua kwamba mdogo wake ameona.

Mbinya alitupa jiwe dogo uani.

"Alimwona akiuruka," alisema.